Waya Mwembamba Usidharauliwe

Kuna ugonjwa mmoja ulioenea katika shule na ofisi zetu, nao ni kudhani kwamba kila kilichopitwa na wakati kimekufa. Dalili zake huonekana wazi zaidi katika jambo la kompyuta. Kompyuta ikitimiza miaka kadhaa huondolewa mezani, ikatiwa ghalani, ikafunikwa na vumbi, na siku moja mnunuzi wa vyuma vikuukuu hupita na mizani yake akaipima kwa kilo kama sufuria iliyotoboka. Hakuna aulizaye ndani yake mna nini. Akitokea wa kuuliza, hujibiwa upesi kwamba mashine ile ni ya zamani mno, haiwezi kusemezana na mashine za leo, na kwamba yaliyomo yamekwisha kupotea. Jibu hilo si la kweli. Nakusudia kuonyesha katika insha hii kwamba wanaolitoa hutuletea hasara kubwa, na kwamba kijana wa shule mwenye waya mmoja mwembamba na subira ya alasiri moja anaweza kulikanusha kwa vitendo.

Kwanza tuelewane juu ya kitu kinachopotea. Kompyuta yenyewe, yaani bati, plastiki na nyaya zake, si hazina kubwa. Hazina ni maandishi. Katika miaka ya 1980 na 1990, kompyuta zilipokuwa zikiingia katika vyuo, makanisa, vyama vya ushirika na baadhi ya shule za nchi yetu, watu waliziamini, wakaziandikia mambo ambayo awali yaliandikwa kwa mkono au kwa taipureta. Yamkini humo mna kumbukumbu za mikutano, hesabu za wakulima, orodha za wanafunzi, tamthilia iliyotungwa na mwalimu kwa ajili ya tamasha la drama, au msamiati wa lugha ya nyumbani uliokusanywa na mzee mwenye bidii. Huenda nakala ya karatasi ilichapwa moja tu, nayo ikaliwa na mchwa. Huenda mtunzi amestaafu au amefariki. Diski ndiyo shahidi wa pekee aliyebaki, na shahidi huyo tunampeleka kwa mwenye mizani.

Msomaji asidhani kwamba hasara ya namna hii huwapata watu maskini tu. Mwaka 1986 shirika la utangazaji la Uingereza, BBC, lilitoa kazi kubwa ya kuadhimisha miaka 900 ya Domesday, kitabu cha hesabu ya ardhi na mali kilichoandikwa kwa amri ya mfalme William mwaka 1086. Watu zaidi ya milioni moja, wengi wao watoto wa shule, walishiriki kueleza maisha ya vijiji na miji yao, na maelezo hayo yakatiwa katika diski kubwa za leza zilizosomwa kwa mashine za aina maalumu. Haikupita miaka 20 ila mashine hizo zilikuwa zimekuwa adimu, na mwaka 2002 wataalamu wa vyuo vikuu vya Leeds na Michigan walilazimika kufanya kazi ngumu ya kuyaokoa. Kitabu cha ngozi cha mwaka 1086 kilikuwa kingali kinasomeka. Kazi ya watoto wa mwaka 1986 ilikuwa karibu kuwa bubu. Tujifunze hapo kwamba maandishi ya kompyuta hayafi kwa moto na maji tu. Hufa pia kwa kukosa mtu wa kuyahamisha mapema.

Njia ya kuyahamisha ipo, nayo ina umri mkubwa kuliko mashine zenyewe. Nyuma ya kompyuta nyingi za miaka ile, zikiwamo zile za namna ya IBM PC iliyotolewa mwaka 1981, kuna tundu lenye pini 25 au 9 zilizochomoza. Hilo ni tundu la siriali. (Tundu la pini 25 lisilo na pini za kuchomoza, bali lenye vitobo, ni la printa, asije mtu akayachanganya.) Limeitwa la siriali kwa sababu hupitisha alama moja baada ya nyingine kwa mfuatano, kama wanafunzi waingiao ukumbini kwa mlango mwembamba. Kanuni zake, zijulikanazo kwa jina la RS-232, zilitangazwa Marekani mwaka 1960. Miaka mitatu baadaye, yaani mwaka 1963, ilitangazwa orodha ya ASCII, ambayo humpa kila herufi nambari yake: A ni 65, B ni 66, na a ndogo ni 97. Kompyuta ya mwaka 1985 inaijua orodha hiyo, na kompyuta ya leo inaijua vile vile. Basi mashine hizi mbili zina alfabeti moja na zinaweza kupewa njia moja. Watu wawili wenye alfabeti moja na njia moja wakishindwa kuandikiana, kosa si la alfabeti wala la njia.

Utendaji wake hauna uchawi. Kila herufi hupita katika waya kwa vipande 8, na kila kipande huitwa biti. Hutanguliwa na biti 1 ya kufungua, hufuatwa na biti 1 ya kufunga, na jumla huwa biti 10. Pande zote mbili hukubaliana mwendo kabla ya kuanza. Wakikubaliana mwendo wa 9600, maana yake ni biti 9600 katika kila sekunde, yaani herufi 960. Ikiwa upande mmoja wasema kwa mwendo wa 9600 na wa pili wasikiliza kwa mwendo wa 1200, kinachotokea katika skrini ni takataka, naye asiyejua hutangaza kwamba mashine imeharibika. Haikuharibika. Wamekosa kupatana tu.

Jambo jingine la kujua ni waya wenyewe. Katika tundu la pini 9, kompyuta husema kwa pini ya 3, husikia kwa pini ya 2, na pini ya 5 ni ya ardhi, yaani msingi wa pamoja. Ukiunganisha 3 kwa 3 na 2 kwa 2, umeweka kinywa mbele ya kinywa na sikio mbele ya sikio, na hapana mazungumzo yatakayofanyika. Hapana budi waya upishanishwe: 3 ya huku iende kwa 2 ya kule, na 2 ya huku iende kwa 3 ya kule, nayo 5 iende kwa 5. Zaidi ya hizo kuna pini za kuulizana kama mwenzio yu tayari, nazo pia hupishanishwa. Waya wa namna hii huuzwa ukiwa tayari, na anayejua kutumia chuma cha kulehemu risasi aweza kuutengeneza mwenyewe.

Sasa tuwasikilize wapinzani, kwa maana wako wengi na wana sauti kubwa.

Hoja yao ya kwanza ni kwamba njia hii ni ya polepole mno. Hawa ni watu walioona nyaya za chini ya bahari zikifika Mombasa mwaka 2009, wakazoea kuona filamu nzima ikishuka katika simu kwa dakika chache, na sasa hawana heshima kwa kitu chochote kiendacho taratibu. Sitabishana nao kwa maneno, tupige hesabu. Tamthilia ya kurasa 20, yenye herufi 2000 katika kila ukurasa, ni herufi 40,000. Gawanya kwa 960, utapata sekunde 42 hivi. Diski ya floppi ya kilobaiti 360, iliyokuwa ya kawaida katika kompyuta za IBM PC, ina baiti 368,640. Gawanya kwa 960, utapata sekunde 384, yaani dakika 6 na sekunde 24. Diski ngumu ya megabaiti 20 iliyojaa pomoni yahitaji kama saa 6. Igawe katika alasiri tatu za saa mbili mbili, nayo itakwisha kabla ya wiki kwisha. Kuchunguza makosa kutaongeza muda kidogo, lakini hakutageuza alasiri kuwa mwezi. Je, kazi ya miaka 10 ya mtu mzima haistahili alasiri tatu za vijana? Haba na haba hujaza kibaba. Anayedharau herufi 960 kwa sekunde na ajiulize ni herufi ngapi zitokazo katika kompyuta iliyokwisha kuuzwa kwa kilo.

Hoja ya pili ina uzito zaidi, nami nitaipa haki yake. Husemwa: kwa nini kuhangaika na waya? Ing'oe diski ngumu, uiunganishe na kompyuta mpya kwa adapta, unakili vyote kwa mara moja. Ikiwa diski ni ya aina ya IDE iliyoenea katika miaka ya 1990, na adapta ipo, na pana mtu mwenye mkono mtulivu, fanya hivyo, sina ugomvi. Lakini kompyuta nyingi za miaka ya 1980 zilikuwa na diski za aina nyingine, zilizoendeshwa kwa kadi yao maalumu iliyo ndani ya mashine, na adapta za kawaida za dukani haziwezi kuzisoma. Kuing'oa diski hiyo ni kuitenga na kadi inayoijua. Vivyo hivyo diski za floppi za inchi 5.25: visomeo vya USB viuzwavyo madukani ni vya diski za inchi 3.5. Kwa mashine hizo, msomaji aliye bora wa diski ni mashine yenyewe. Ikiwa ingali yawaka na kusoma, mwache msomaji huyo asome, nawe umpe njia ya kukuambia alichokisoma. Njia hiyo ni waya.

Hoja ya tatu huletwa na wanaojua kidogo. Husema: ili faili ivuke, lazima pawe na programu ya kuhamisha katika pande zote mbili, mashine kuukuu haina programu hiyo, nayo haiwezi kufika humo ila kwa waya, basi tumenaswa, kama mtu aliyeufungia ufunguo ndani ya nyumba. Ni kitendawili kizuri, lakini kina majibu mawili.

Jibu la kwanza ni kwamba kwa maandishi ya kawaida mashine kuukuu haihitaji programu yoyote mpya. Mfumo wa DOS unalijua tundu la siriali kwa jina la COM1. Amri ya MODE COM1:9600,N,8,1 huweka mwendo na masharti. Amri ya COPY BARUA.TXT COM1 huimimina faili ya BARUA.TXT katika waya, na kompyuta mpya yenye programu kama Tera Term au minicom huipokea na kuihifadhi. Ni amri mbili, wala hapana ya tatu. Ila waya uwe ule kamili wenye pini za kuulizana, kwa sababu DOS hungoja kuambiwa kwamba mwenzake yu tayari, na asipoambiwa hukata tamaa.

Jibu la pili ni kwamba mashine kuukuu inaweza kufundishwa kwa kibodi yake yenyewe. Watunzi wa programu ya kuhamisha iitwayo Kermit waliliona tatizo hili mapema. Waliigeuza programu yao ikawa msururu wa herufi za kawaida, ambazo hupita mahali pote, wakatoa na programu fupi ya BASIC ya kuzirudisha herufi hizo katika umbo la asili. Programu hiyo fupi mwanafunzi aweza kuichapa kwa vidole vyake, nayo lugha ya BASIC aghalabu ilikuja pamoja na DOS. Ufunguo umefungiwa ndani, naam. Lakini dirisha li wazi, na kijana mwembamba hupita.

Hoja ya nne ni kwamba waya hukosea. Ni kweli. Umeme wa jirani au kiungo kilicholegea huweza kugeuza herufi moja, na amri ya COPY haina njia ya kujua. Lakini dawa yake ilipatikana zamani. Mwaka 1977 Ward Christensen wa Chicago alitunga njia ambayo baadaye iliitwa XMODEM. Inafanana na kazi ya karani wa bandarini. Mizigo hupakuliwa kwa mafungu ya baiti 128. Kila fungu lina nambari yake na jumla yake. Mpokeaji hujumlisha mwenyewe. Jumla zikilingana hujibu kwamba amepokea. Zisipolingana huagiza fungu lile lirudiwe. Karani ahesabuye jumla peke yake aweza kudanganyika, maana magunia mawili yakibadilishana nafasi jumla haibadiliki. Kwa sababu hiyo baadaye ilitiwa hesabu kali zaidi iitwayo CRC.

Kermit yenyewe ilianzwa mwaka 1981 na Frank da Cruz na Bill Catchings katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Sababu yake yafaa isikiwe na kila mwanafunzi. Nafasi ya kuhifadhi kazi za wanafunzi katika kompyuta kubwa ya chuo haikutosha, ikabidi ipatikane njia ya kuzichukua kazi hizo na kuzitia katika diski za floppi kwa kupitia kompyuta ndogo. Kwa hiyo programu hii ilizaliwa kwa ajili ya madaftari ya wanafunzi. Leo yapatikana bila malipo, nayo ingali hufanya kazi ile ile: kupokea, kuhesabu, kukubali au kuagiza kurudia. Asemaye kwamba waya haupaswi kuaminiwa kwa sababu hukosea anasahau kwamba watu walikwisha kumwekea karani.

Hoja ya tano ni kwamba maandishi yakivuka hayasomeki. Hapo pana mfano utakaompendeza msemaji wa Kiswahili kuliko msemaji wa lugha nyingi nyingine. Programu ya kuandikia ya WordStar, iliyotoka mwaka 1978 na kutumiwa sana katika miaka iliyofuata, ilikuwa na desturi ya kuitia alama herufi ya mwisho ya neno kwa kuiongezea 128 katika nambari yake. ASCII ina nambari 0 mpaka 127 tu, kwa hiyo biti ya nane ilikuwa haina kazi, na WordStar ikaipa kazi hiyo. Sasa, maneno ya Kiswahili karibu yote huishia kwa irabu. Ukiifungua leo katika Windows faili ya Kiswahili iliyoandikwa kwa WordStar ya zamani, irabu za mwisho ndizo zitakazokuwa zimegeuka: mama amekuwa mamá, shule imekuwa shulå, nchi imekuwa nché, watoto wamekuwa watotï, na mwalimu amekuwa mwalimõ.

Mvivu hutazama ukurasa huo, akasema faili imeoza. Mwenye akili hutazama mara ya pili, akaona kwamba ugonjwa una kanuni: a hugeuka á sikuzote, na u hugeuka õ sikuzote, na hakuna kinachogeuka ovyo. Chenye kanuni hutibika. Ondoa 128 katika kila nambari iliyozidi 127, na kila irabu hurudi mahali pake. Ni programu ya mistari michache, na mwanafunzi wa kidato cha pili aliyefundishwa vizuri aweza kuiandika. Tena, ukiyatuma maandishi hayo kwa biti 7 badala ya 8, alama ile huanguka njiani yenyewe, na neno hufika likiwa limetakasika. Fikiri, msomaji, ni insha ngapi zingeweza kutupwa kwa sababu ya irabu tano ambazo mtu hakujua kuzihesabu.

Hoja ya sita ni ile ya wenye fedha: mwiteni fundi, mmpe mashine aende nayo. Sina chuki na mafundi. Waaminifu ni wengi. Lakini diski ya shule huweza kuwa na majina ya watoto, alama zao, maradhi yao na karo walizoshindwa kulipa. Nchi yetu ina Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, na siri za watu hazipungui kuwa siri kwa sababu chombo kilichozibeba kimezeeka. Kumpa mgeni mashine hiyo, au kumuuzia mwenye mizani, ni kutoa sanduku la siri bila kulifungua kwanza kuona mna nini. Kazi hii yafaa ifanywe ndani ya shule, chini ya macho ya mwalimu, na wenye haki ya kuyaona hayo maandishi.

Nisije nikashawishi vijana kuharibu vitu au kuumia, nitaje tahadhari chache. Mashine iliyokaa ghalani miaka mingi isiwashwe na mwanafunzi peke yake. Sehemu za umeme huzeeka, na nyingine huweza kutoa moshi. Awepo mtu mzima mwenye ujuzi, wala mashine isiachwe ikiwaka bila mtu. Kompyuta mpya aghalabu haina tundu la siriali, kwa hiyo hununuliwa adapta ya USB. Hapo pana mtego. Ziko adapta za aina mbili zinazofanana kwa jina. Moja hufuata kanuni za RS-232, ambazo huruhusu umeme wa volti 3 mpaka 15, pande zote mbili za sifuri. Nyingine ni ya kuunganisha vibao vidogo vya elektroniki, nayo hutumia volti 5 au 3.3 tu. Ukiichomeka hii ya pili katika kompyuta kuukuu, waweza kuiunguza. Mwisho, nakili tu, usifute. Faili ikivuka, iachwe ilikotoka mpaka nakala mbili ziwe zimehifadhiwa mahali pawili mbalimbali na mtu awe amezifungua na kuzisoma.

Yamesalia maneno ya wale wasemao kwamba haya ni mafunzo ya makumbusho, na kwamba kijana wa leo ana mambo ya maana zaidi ya kujifunza. Hawa ndio nisiokubaliana nao kabisa. Nenda ukatazame vifaa vinavyoongoza mitandao ya ofisi kubwa: vingi vina tundu la siriali ambalo fundi huchomeka waya wake wakati mtandao umekufa na hakuna njia nyingine ya kuingia, na mwendo wake mara nyingi ni 9600, biti 8, ule ule. Vibao vidogo ambavyo wanafunzi hutengenezea taa na vipima joto husemezana na kompyuta kwa utaratibu huo huo wa biti ya kufungua na biti ya kufunga. Anayejifunza kuiokoa tamthilia ya mwaka 1988 anajifunza kazi ya mshahara bila kujua.

Lakini hata kama kusingekuwa na mshahara, ningalisema yale yale. Tunawafundisha vijana kubonyeza vitufe vya programu ambazo kesho zitabadilishwa, tukaita hayo elimu ya kompyuta. Kijana huyo akikutana na mashine asiyoizoea hana la kufanya ila kuomba inunuliwe nyingine. Amefundishwa kununua. Yule aliyekaa mbele ya mashine mbili zisizoelewana, akauliza mwendo wao ni upi, pini ipi husema na ipi husikia, biti ni 7 au 8, mpaka neno la kwanza likatokea katika skrini likiwa zima, huyo amefahamu kwamba kompyuta ni mapatano ya watu, na kwamba mapatano yaliyoandikwa vizuri mwaka 1960 yaweza kutumika leo. Hatadanganywa kwa urahisi na mwuzaji amwambiaye kwamba cha jana hakifai.

Basi ninawaomba wakuu wa shule na vyama vya wanafunzi mambo matatu, nayo hayana gharama ya kutisha. Kila shule iwe na waya mmoja wa siriali uliopishanishwa na adapta moja ya USB ya RS-232, vihifadhiwe pamoja na maelezo yake. Kila kompyuta inayoondolewa iandikwe katika daftari: ilikuwa ya nani, ilifanya kazi gani, na yaliyomo yalihamishwa siku gani na nani. Tena isiuzwe hata moja kabla ya mistari hiyo kujazwa. Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Kabla hajaitwa mwenye mizani, aitwe mwanafunzi mwenye waya.